Tumeandika katiba ya nyumba, mama kaisoma kafunga mzigo. Kosa liko wapi?

#1 Baba_Kiembeni
Salaam wadau. Naleta jambo la nyumbani, likiwa refu mnivumilie.

Mimi na mke wangu tuko mwaka wa saba, watoto wawili. Tukaona ugomvi wetu ni ule ule kila mwezi, wabadilisha nguo tu: pesa za ndugu, wageni, simu wakati wa chakula, nani ampeleke mtoto chuoni kwenye Qur'ani. Basi tukakaa usiku tatu watoto wakishalala, tukaandika. Vipengele tisa. Tukaiita katiba ya nyumba. Mifano: pesa inayozidi elfu tano haitoki mpaka wawili wajue. Hatusemani mbele ya watoto. Simu haziji kwenye jamvi la chakula. Na cha saba: mgeni wa kulala zaidi ya siku nne, tushauriane kwanza.

Nikaichapa kazini, nikaitia plastiki, nikaibandika mlangoni pa friji.

Juzi mamangu kaja kutoka Malindi. Kaisoma wima, miwani kaishika mkononi kama lenzi. Hakusema kitu. Kesho yake asubuhi kafunga mzigo, ati kuku wake hawana wa kuwalisha. Hao kuku aliwauza wote kabla ya Ramadhani.

Mke wangu asema kipengele kisiguswe, tulikubaliana. Mimi chakula hakipiti. Kosa ni kuandika, au ni kilichoandikwa? Na nyinyi mna makubaliano gani majumbani mwenu, ya karatasi au ya mdomo?

#2 Chumvi_Kidogo
Katiba ya Kenya ina ibara 264, yenu vipengele tisa. Hongera kwa kubana matumizi. Ila kura ya maoni mlipiga lini? Mama hakushirikishwa, hiyo kesi anashinda.

#3 BiMkubwa_Tudor
Mwanangu, kuandika si kosa. Kosa ni friji. Friji ndiyo baraza ya nyumba siku hizi, kila apitaye aitazama. Fundi, jirani aliyekuja kuomba barafu, wote washasoma mambo yenu ya chumbani.

Mimi na marehemu tulikaa miaka 38 na yetu hakuna aliyeyaona. Moja alinambia siku ya tatu ya harusi: "Ukiwa na hasira usinipikie, ntajinunulia." Basi. Siku nkikasirika sisemi kitu, jiko nalilaza baridi. Akirudi akiona hapana moshi, avaa kofia yake ageuka hadi kwa muuza mahamri. Arudi na ya watu wawili, na mbaazi kwenye bakuli. Majirani mpaka leo husema yule bwana alikuwa mpenzi wa mahamri. Hakuwa akiyapenda hata kidogo, yalimpa kiungulia.

#4 Kijana_wa_Nyali
Mimi naona mmekosea aina. Mlichoandika ni sheria, si misingi. Familia yahitaji dira, dhamira na maadili, kama shirika lolote lenye kujua liendako. Sisi tulichukua wikendi moja hotelini Diani, bila watoto, tukatoka na maneno manne: uwazi, heshima, ukuaji, furaha. Yamepigwa fremu sebuleni.

#5 Chumvi_Kidogo
Ukuaji wa nini, wa mtaji au wa tumbo? Na mkutano mkuu wa wanahisa ni mwezi gani?

#6 Fundi_Stima
Kijana wa Nyali mcheke lakini nusu ya neno lake ni kweli. Nusu ya pili siikubali, maana "heshima" haimwambii mtu afanye nini Jumanne saa nne usiku.

Sisi tulianza na sheria: chakula cha usiku ni saa moja na nusu, wote. Ikaenda miezi miwili. Nikabadilishiwa zamu, nikawa naingia saa nane mchana natoka saa nne usiku. Sheria ikafa, na ilipokufa hata wale waliobaki nyumbani wakawa kila mtu ala kivyake, huyu na sahani mbele ya TV, yule kitandani. Mke wangu ndiye aliyeniuliza: kwani ile saa moja na nusu tuliiweka kwa nini? Nikasema sijui, si ndiyo saa ya kula. Akanambia, mamake alikuwa akila jikoni peke yake, amesimama, wote wakishamaliza, ukoko na mchuzi wa chini ya sufuria. Aliapa kwake haitakuwa hivyo.

Miaka kumi ya ndoa hiyo sikuwa naijua.

Tukafuta saa, tukabakisha: katika nyumba hii hapana alaye peke yake. Sasa nikirudi nakuta sahani mbili chini ya kawa, yangu na yake, yeye kala vijiko viwili na watoto kwa kuzuga. Akiwa hoi kwa usingizi, binti yangu mkubwa hukaa nami na kikombe cha maziwa, asinzia, kichwa chamdondoka. Zamu imebadilika mara tatu tangu hapo na neno limesimama.

Baba Kiembeni, siku nne zile, mlizitoa wapi? Mbona si tatu, mbona si kumi?

#7 Mama_Mapacha
Fundi, wewe ulipata mke wa kuuliza na ukanyamaza kumsikiza. Mimi nililetewa karatasi ishachapwa. Vipengele 14. Vyote vyaanza na "Mke ata…" isipokuwa vitatu, navyo vyaanza na "Mke hata…" Chini pana mstari wa sahihi, mmoja, wangu. Nilitia sahihi kwa mkono wa kushoto, kulia nimempakata mtoto wa miezi mitano na mwenzake analia. Leo miaka minne na bwana ajisifu mbele za watu kwamba hajawahi kuvunja kanuni ya nyumba. Atavunjaje na hakuna imhusuyo?

Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama mama alikosea, niambie: mkeo akija hapa atasema "tulikaa usiku tatu" au "alikaa usiku tatu"?

#8 Baba_Kiembeni
Shukran kwa majibu. Mama Mapacha, pole sana. Kwetu kalamu alishika yeye, mimi nilichapa tu. Vitano ni vyake, vinne vyangu.

Na niseme kweli maana naona Fundi kanibana: cha saba ni changu. Nina binamu alikuja kwa wiki mbili kutafuta kazi bandarini. Alikaa miezi saba. Alikuwa akioga maji ya moto nusu saa, tokeni za stima nanunua mimi. Mke wangu hakusema neno miezi yote saba kwa sababu ni damu yangu. Siku nne ni muda ambao binamu angeweza kuvumilika.

#9 Chumvi_Kidogo
KUMBE. Mtunzi ni wewe, na mama huko Malindi anajua ni mkaza mwana. Na wewe umenyamaza, wala, walala. Ndugu yangu, tafuta kofia uende ukanunue mahamri.

#10 Mkwe_wa_Rabai
Chumvi kapata. Lakini mimi naona tatizo ni neno moja humo ndani: mgeni.

Mimi Mtaita, nimeoa Rabai. Kabla ya harusi kanisa lilitupa mafunzo ya wachumba, Jumamosi sita. Siku moja mwalimu akatugawia karatasi, kila mtu pembeni yake, tuandike majina ya familia yetu. Familia yetu, hakusema zaidi. Dakika kumi. Mimi nikaandika wanne: mimi, yeye, na watoto wawili ambao hawajazaliwa. Nikajiona nina maono ya mbali. Mwenzangu akaomba karatasi ya pili. Alikuwa na majina 23, na bado analia kwamba kamsahau shangazi wa Mazeras.

Mwalimu hakutuambia nani yuko sawa. Alisema tu: "Mkisema 'familia yetu imeamua', mjue mnasema habari za nyumba mbili tofauti." Mamako hajioni mgeni kwenye nyumba ya mwanawe. Kasoma neno "mgeni", kajitafuta kwenye karatasi nzima hajajiona kwingine, akajua ni hapo alipowekwa.

#11 Mkoko_wa_Gazi
Mkwe wa Rabai umenena, na ongeza hili. Kwetu Wadigo zamani urithi ulikwenda kwa mpwa, mtoto wa dada yako, si kwa mwanao wa kumzaa. Mjomba ndiye alikuwa na neno. Ukaja utaratibu wa Kiislamu wa baba na watoto, vyote viwili vikakaa pamoja, ndipo kesi za minazi: mtoto asema ni ya babangu, mpwa asema ni ya mjombangu. Na wote wana haki, kila mtu kwa kitabu chake. Sasa mtu akinambia "tukubaliane misingi ya familia", swali langu la kwanza ni familia kwa hesabu ipi.

#12 Ustadh_Kuze
Assalam alaikum. Nimesoma uzi wote. Wapo wanaodhani kuandikiana ni uzungu. Si kweli. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Al-Baqara 282, yahusu kuandika makubaliano mbele ya mashahidi. Na katika sura hiyo hiyo, aya ya 233, hata kumwachisha mtoto ziwa kabla ya miaka miwili kumewekewa kuridhiana na kushauriana kwa wazazi wawili. Mwenye kunyonyesha ni mmoja, lakini shauri ni la wawili. Na masharti wanayowekeana mume na mke wakati wa nikaha ni mambo ya kutimizwa, maadamu hayaharamishi halali. Wazee wetu hapa walikuwa wakiyataja wazi: mke asitolewe mji wa kwao, au aendelee na masomo.

Kwa hiyo Baba Kiembeni, hamkuzua jambo.

#13 Chumvi_Kidogo
Ustadh, hiyo 282 ni ya deni. Ndoa ni deni?

#14 Ustadh_Kuze
Muulize mkeo kama mahari umemaliza.

#15 Chumvi_Kidogo
Nimetoka uzi huu.

#16 Wakili_Kando
Chumvi rudi, mahari si jinai.

Nataka kutenganisha mambo mawili kabla hayajachanganyika. Karatasi ya friji ni ahadi ya heshima, hakuna hakimu atakayewauliza nani alileta simu kwenye jamvi. Mali ni habari nyingine. Sheria ya Kenya ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013, kifungu cha 6, inawaruhusu wachumba kuandikiana kabla ya kuoana juu ya mali itakavyokuwa. Mahakama yaweza kuitupa hati hiyo ikiona palikuwa na udanganyifu, shuruti au dhuluma ya wazi. Mama Mapacha, sahihi ya mkono wa kushoto na mtoto begani ningependa sana kumwona mtu akiitetea.

Tena, nyumba ya ndoa haiuzwi wala haiwekwi rehani bila idhini ya mwenzio. Hiyo ni sheria, hamna haja ya kuiandika kwenye friji.

#17 Kijana_wa_Nyali
Na si mahakama ilishaamua mali ni nusu kwa nusu? Mimi nilisikia hivyo, ndiyo maana sisi hatukuandika ya mali.

#18 Wakili_Kando
Hapana, na wengi wamelibeba hivyo. Ibara ya 45(3) ya Katiba inawapa mume na mke haki sawa wakati wa kuoana, ndani ya ndoa na wakati wa kuachana. Lakini Mahakama ya Juu ilisema Januari 2023 kwamba usawa huo haumaanishi kila mtu anabeba nusu moja kwa moja. Kila mmoja aonyeshe alichochangia. Na mchango si pesa pekee: kupika na kutunza nyumba, kulea watoto, kusimamia biashara ya familia, kulima shamba, hata kumkalia mwenzio kama mwenzi, vyote vimetajwa ndani ya sheria ile ya 2013. Kwa Waislamu kifungu cha 3 kinaacha mlango wa kufuata sheria ya Kiislamu kwenye mali ya ndoa.

Kijana wa Nyali, kwenye fremu yako neno "uwazi" laweza kuanzia hapo.

#19 Baharia_Mstaafu
Mie sina aya wala kifungu. Nimekaa melini miaka 22. Miezi tisa nje, mitatu nyumbani, na hiyo mitatu niko kama mgeni, sijui kijiko chakaa wapi. Hiyo elfu tano yenu ingetuua. Zamani zile unangoja meli itie nanga ndipo upige simu. Mke angoje mpaka nifike Singapore ndipo anunue dawa?

Yetu ilikuwa fupi: asiyekuwepo hana kura, lakini ana haki ya kuambiwa. Niliikubali mimi mwenyewe barazani kwetu Likoni, nikicheka. Mwaka mmoja masika yakapiga, paa la makuti likaoza upande wa watoto. Nilikuwa baharini. Nimerudi, natua begi, naangalia ukumbini palipokuwa na pikipiki yangu. Mpya, sijaipanda hata mara nne. Nikauliza, pikipiki yangu iko wapi? Akasema, tazama juu.

Mabati, yote mapya.

Nilinuna siku mbili. Ya tatu ikanyesha, na usiku kucha nikawa naisikia pikipiki yangu ikilia juu ya kichwa. Lakini sikuweza kusema kitu, makubaliano ni yangu.

#20 Mama_Mapacha
Baharia, mkeo nimpe mkono.

#21 Mtanga_Halisi
Wakuu, nawasoma toka Tanga. Haya mambo mababu walishayamaliza. Kuna Utenzi wa Mwana Kupona, uliandikwa Unguja miaka ya 1900 hivi kuwafundisha wanandoa. Mume na mke wakiufuata huo, hakuna haja ya friji.

#22 Ustadh_Kuze
Karibu Mtanga, ila hapo umeteleza. Ni mwaka 1858, na ni utenzi wa huku kwetu kaskazini, visiwa vya Lamu, si Unguja. Wala haukuandikwa kwa wanandoa wawili. Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mgonjwa, akamwandikia binti yake Mwana Hashima jinsi ya kuishi na Mungu, na watu, na mume.

#23 Mama_Mapacha
Na huyo mume, nani alimwandikia?

#24 Mtanga_Halisi
Nimekubali kusahihishwa. La Mama Mapacha sina jibu, nampisha Ustadh.

#25 Mkoko_wa_Gazi
Ustadh yuko kwa swala. Ya asubuhi, alasiri na magharibi kwa pamoja.

#26 BiMkubwa_Tudor
Nyie mwacheka na mtoto wa watu chakula hakipiti. Ewe Baba Kiembeni, nina swali na unijibu sawasawa. Mamako alipofika, alikaa kitako muda gani kabla ya kuiona hiyo karatasi?

#27 Baba_Kiembeni
Bi Mkubwa, nilikuwa naomba hili lisiulizwe.

Hakukaa. Alishuka barabarani Bamburi, akapanda tuktuk mpaka kwetu, saa sita na nusu, jua la utosi. Kikapu bado kiko mkononi. Nilimfungulia mlango nikamvuta moja kwa moja jikoni, "Mama njoo uone tulichofanya." Nilikuwa na fahari nayo. Yeye hakuingia skuli, alisoma chuoni tu, herufi za kizungu azisoma polepole kwa kidole. Kwa hiyo alisimama pale, sijui, dakika kumi. Mimi namwangalia nangoja asifu.

Mke wangu alikuwa ametoka zamu ya usiku, ni muuguzi. Alilala kwenye mkeka pale pale ukumbini na sare yake, hata soksi hajavua. Mama alipita pembeni yake kwa ncha za vidole asimwamshe.

#28 BiMkubwa_Tudor
Hata maji?

#29 Baba_Kiembeni
Hata maji.

#30 Mkwe_wa_Rabai
Basi narudisha neno langu nusu. Nilisema ni lile neno "mgeni". Sasa naona hata kama mngeandika "Mama ni malkia wa nyumba hii", kwa mapokezi hayo angeenda kulisha kuku.

#31 Fundi_Stima
Mimi sirudishi langu. Kama kipengele kingesema sababu yake, kwa mfano "asichoshwe mtu kwa kubebeshwa mgeni asiyeshauriwa", mama angeona cha kumlinda mkaza mwana, si cha kumfukuza yeye. Namba bila sababu kila mtu huijazia sababu yake.

#32 Kijana_wa_Nyali
Hapo ndipo dira inapohitajika.

#33 Chumvi_Kidogo
Kijana wa Nyali, tunakupenda. Lakini nyamaza.

#34 Baba_Kiembeni
Wadau, kuna jipya. Jana usiku nimeibandua ile karatasi nimfiche aibu mke wangu, jirani asiendelee kuisoma. Nyuma yake, juu ya plastiki, kuna mstari mmoja umeandikwa kwa ile kalamu nene ya kuandikia mikebe ya viungo. Kwa herufi za Kiarabu. Ni hati ya mama. Maana yake aliibandua, akaandika, akairudisha, na sisi tumelala.

Mimi Qur'ani nasoma, lakini Kiswahili kwa herufi zile, tena bila irabu juu yake, chanipiga chenga. Nimepata hivi: "Mwenye ku— apewe maji kabla ya maneno." Neno lile la katikati ni kafu, wau, shini, wau, kafu, alifu. Ustadh, nisaidie.

#35 Ustadh_Kuze
Kushuka. "Mwenye kushuka apewe maji kabla ya maneno." Yaani msafiri akishuka garini, akifika mlangoni. Ni yeye hasa, na ni haki yake.

#36 Ustadh_Kuze
Subiri. Nimekwenda haraka. Mwandiko wa kizamani shini moja huandikia sh na ch, na wau huwa ni u au o. Ndiyo shida waliyoiona wanazuoni wetu waliotengeneza alama za ziada kwa ajili ya Kiswahili, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui mmojawao, yule aliyetoa gazeti la Al-Islah hapa Mombasa mwaka 1932. Kina mama wa chuoni wengi waliandika kwa njia ile ile ya zamani. Kwa hiyo neno hilo laweza kuwa kushuka, na laweza vilevile kuwa kuchoka.

#37 Mama_Mapacha
Kuchoka! "Mwenye kuchoka apewe maji kabla ya maneno." Huyo si yeye, ni mkeo kwenye mkeka na soksi zake. Mama alimwona.

#38 Mkoko_wa_Gazi
Au ni shoka. Mwenye shoka apewe maji haraka sana, kabla ya maneno.

#39 Mkwe_wa_Rabai
Nasema kushuka. Mtu aliyeudhika huandika juu ya maudhi yake.

#40 Mama_Mapacha
Mtu aliyeudhika haandiki kwa siri nyuma ya karatasi akairudisha ilipokuwa. Huyo alitaka kuongeza kipengele cha kumi.

#41 Baharia_Mstaafu
Mimi nilikuwa nikishuka melini nimechoka, yote mawili. Maji sikupewa. Nilionyeshwa mabati.

#42 Wakili_Kando
Kwa tafsiri ya hati, mwandishi akiwa hai aulizwe.

#43 Baba_Kiembeni
Nimempigia. Nimemwambia kwanza kwamba cha saba ni changu, si cha mkewangu, na habari ya binamu. Akacheka, akasema binamu yule hata kwake alikaa tangu mfungo tano hadi mfungo saba. Nikamuuliza, Mama, neno lile ni kushuka au kuchoka? Akasema, "Kwani nyinyi hamkusoma?" Halafu akauliza kikohozi cha mdogo kimefikia wapi, nimpake mafuta ya karafuu. Nikarudia swali. Akasema salio lake laisha. Simu nimepiga mimi.

Mke wangu kaisoma mara mbili, kasema ni kuchoka, akaenda kulala. Mimi bado nasema ni kushuka. Tumekubaliana iandikwe kama ilivyo, kwa herufi zile zile. Cha saba hatujakigusa, Fundi katupa kazi ya kutafuta sababu yake na bado twabishana. Friji iko wazi, karatasi iko ndani ya mlango wa kabati.

Jumamosi yuaja. Hakusema siku ngapi na sisi hatujauliza. Chupa mbili za maji nishazitia kwenye friji.

#44 BiMkubwa_Tudor
Maji ya friji? Mama wa watu, jua la saa sita, umtie barafu kifuani? Toa hizo. Tafuta mtungi, utie na udi.